Mjadala: Tofauti ya kipato yenyewe ni tatizo, au tatizo ni umaskini tu?

Mleta mada

Wakuu, kuna hoja inayozunguka kwamba tofauti ya kipato si tatizo. Tatizo ni umaskini, aliye juu aachwe apande. Kwa Tanzania naipinga. Mwaka 2011/12 watu 28.2% waliishi chini ya mstari wa umaskini. 2017/18, mstari ukiwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, wakawa 26.4%. Miaka sita, kushuka kwa hata pointi mbili za asilimia hakujafika, na uchumi ulikuwa unakua muda wote huo. Kilichoongezeka kilikwenda kwa nani?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mkulima anakwamishwa na jembe la mkono na kutegemea mvua, si mshahara wa daktari. Tena kodi inasawazisha tayari. Mwenye mshahara wa 500,000 anakatwa 10% ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, zinabaki 450,000. Kati ya hizo 270,000 hazina kodi, na 180,000 zinakatwa 8%: PAYE, yaani kodi ya mshahara, 14,400. Mwenye 5,000,000, baada ya NSSF, kwa ngazi zinazopanda, analipa 1,178,000. Kipato mara kumi, kodi zaidi ya mara themanini. Mnataka nini tena?

Mchangiaji wa pili

Hesabu iko sawa, ila umepima mshahara peke yake. Mchukue anayeingiza 5,000,000 hizohizo kwa kupangisha fremu za maduka. Mpangaji mfanyabiashara anakata 10%, anapeleka mamlaka ya mapato, TRA, 500,000, basi. Kipato kilekile, tofauti ni 678,000 kila mwezi, na anayebanwa ni mwenye ajira. Fedha hiyo inageuka tofali na fremu nyingine. Pengo linakua hapo. Nyumba za kuishi ndiyo usiseme: pango la miezi sita linalipwa mkononi, bila risiti, na kwa vitendo hakuna anayekata.

Halafu angalia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya majengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni deni la mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Akiingiza 2,000 mwanzo wa mwezi, 1,500 zinatangulia kwenye jengo lisilo lake. Anabaki na 500, na VAT haijaguswa bado. Aliyepanga nyumba ya kifahari isiyo ya ghorofa analipa 1,500 hiyohiyo na hata haioni.

Mchangiaji wa kwanza

La LUKU nakubali, ni uonevu. Kwenye fremu umeruka jambo: 10% inakatwa juu ya pango lote. Bati likivuja au choo kikiziba, gharama haitolewi. Na asije mtu na gawio la hisa za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, kwamba linakatwa 5% tu. Kampuni imeshalipa 30% ya faida. Kila 100 zinabaki 70, na 5% yake ni 3.5. Jumla 33.5.

Mchangiaji wa pili

Gawio nakuachia. Ila ndugu yangu, bati gani linavuja 678,000 kila mwezi? Tuweke pango kwenye ngazi kama mshahara: 270,000 za kwanza bure, zinazofuata zipande, na matengenezo yenye risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, yatolewe kwanza. Bibi mwenye vyumba viwili vya 50,000 kila kimoja kwa mwezi, akimpangishia mfanyabiashara, leo anakatwa 10,000. Kwa ngazi hizo hakatwi kitu. Kodi ya majengo nayo itoke kwenye mita, irudi kwenye namba ya mlipakodi ya mwenye jengo.