Nafasi 29,902 magerezani: mbona mahabusu bado wanalala mchongoma?

Mkazi wa Temeke
Habari za jioni, wakuu. Takwimu rasmi zinaeleza kwamba magereza ya Tanzania Bara yana uwezo wa kuhifadhi watu 29,902, na kwa miaka ya karibuni idadi ya waliomo haijawa mbali sana na hapo. Lakini mdogo wangu, aliyekaa mahabusu miezi minane Dar es Salaam, anasimulia kwamba walilala mchongoma, wote ubavu mmoja, na nyapara akipiga makofi selo nzima inageuka. Hizo nafasi ziko wapi?

Wakili wa Zamani
Ndugu yangu, hiyo ni jumla ya nchi nzima. Magereza ya kilimo, kama Kitai mkoani Ruvuma au Mollo kule Sumbawanga, ni ya wafungwa waliokwisha kuhukumiwa na wanaoweza kushika jembe. Mahabusu hawezi kupelekwa huko, kwa kuwa ni lazima awe karibu na mahakama: karandinga limchukue asubuhi, kesi itajwe, aambiwe upelelezi haujakamilika, kisha arudishwe alikotoka. Mzigo wote basi unabaki mijini, katika magereza ambayo baadhi yake yalijengwa enzi za ukoloni, wakati miji hiyo ilikuwa na watu wachache mno kuliko leo.

Mkazi wa Temeke
Ahsante, mkuu. Na misamaha ya Rais je? Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533 kwa mkupuo.

Wakili wa Zamani
Ilisaidia, ila kwa upande wa wafungwa tu. Msamaha wa Ibara ya 45 ya Katiba unamhusu aliyetiwa hatiani; mahabusu hana hatia bado, hivyo hana cha kusamehewa (ajabu, lakini ndiyo sheria).

Mama Wawili
Naomba kuongeza. Tusidhani kila mahabusu yumo ndani kwa sababu ya makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha. Mdogo wako alishtakiwa kwa kosa gani?

Mkazi wa Temeke
Wizi wa simu, na dhamana ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Alitakiwa kuleta wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa, naye alikuwa na wiki tatu tu jijini.