Kaunti haziruhusiwi kukopa ovyo, mbona zina madeni makubwa hivi?

Mwuza Madawati: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Kifungu cha 212 cha Katiba ya Kenya kinairuhusu serikali ya kaunti kukopa pale tu mkopo unapodhaminiwa na Serikali ya Kitaifa na kuidhinishwa na Bunge la Kaunti. Iweje basi kaunti zetu 47 zidaiwe zaidi ya shilingi bilioni 150, huku Nairobi ikibeba mzigo mkubwa kuliko zote? Mimi ni mmoja wa wanaodai. Mapema mwaka 2022 niliipelekea kaunti moja madawati ya chekechea, yakahesabiwa moja moja, hati ya kupokea bidhaa ikapigwa muhuri. Tangu hapo naambiwa faili liko mezani, na benki iliyonikopesha haitaki kusikia habari za faili.

Karani Mstaafu: Pole sana, ndugu. Nimeshiriki kuandaa bajeti za kaunti kwa miaka kadhaa, na jibu ni kwamba kaunti imekopa, ila imekukopa wewe. Matumizi yanapozidi fedha zilizopo, si miradi inayopunguzwa, kwa kuwa kila mwakilishi wadi anataka barabara yake; kinachopandishwa ni makadirio ya mapato ya ndani, yaani ada za maegesho, leseni za biashara na kodi ya ardhi. Chukua mfano: kaunti inaandika kwamba itakusanya bilioni 2, inakusanya bilioni 1.2, na zabuni za ile milioni 800 isiyokuwepo zimekwisha kutolewa. Mishahara lazima ilipwe, kwa hiyo anayesubiri ni mkandarasi. Kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, lakini kaunti nyingi zimevuka kiwango hicho. Na ile asilimia 30 ya bajeti ambayo sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inataka itengewe maendeleo, mara nyingi huishia kwenye vitabu vya bajeti.

Mtetezi wa Ugatuzi: Karani amesema kweli, ila ameisahau Hazina ya Kitaifa. Mgao wa fedha inaozipelekea kaunti hucheleweshwa kwa miezi, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, fedha zije zisije. Hata gavana mwadilifu ataingia mwaka mpya akiwa na bili za mwaka uliopita.

Karani Mstaafu: Sikusahau. Mgao uliochelewa huja hatimaye, na bili zake zingelipwa. Mapato ya kubuni hayaji kamwe, na ndiyo maana deni linakua badala ya kupungua. Tena si kila deni ni halali. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu bili zilizolimbikizwa hadi Juni 2018 ulipitia madai ya takriban bilioni 89, na zilizokubalika zilikuwa bilioni 51 hivi. Nyingine zilikosa stakabadhi za kuthibitisha kazi. Hapo ndipo magavana wapya wanapopata sababu ya kuunda kamati za uhakiki, kama baadhi yao walivyofanya baada ya uchaguzi wa 2022, na mwenye dai la haki anarudishwa mwisho wa foleni pamoja na walaghai.

Mwuza Madawati: Kamati hiyo naijua, Mzee. Iliniagiza nithibitishe kwamba madawati yalifika, nami nikawasilisha hati yenye muhuri wao wenyewe. Mwezi uliopita nilipita katika shule mojawapo nikayaona: watoto wamekwisha kuchonga majina yao juu yake, na mawili yamevunjika miguu.