Mnaowapa wageni Vitz kwenda Longonot na Hell's Gate kwa siku moja, mmezidi

Wadau, hili jambo linakera na halisemwi. Wikendi ikifika, mgeni kutoka Dar au Kampala anakabidhiwa funguo za kigari cha kukodi, Toyota Vitz, hapa Nairobi pamoja na kijikaratasi: tazama Bonde la Ufa, panda Mlima Longonot, ingia mbuga ya Hell's Gate, kula samaki Naivasha, rudi jioni. Peke yake! Aliyekiandika hajawahi kuukanyaga ule mlima.

Pigeni hesabu. Geti la Longonot hadi ukingo wa kreta (shimo la volkano) ni kama kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo 7.2, halafu ushuke tena. Hizo ni 13.4, juu ya vumbi la majivu linaloteleza, na kilele kiko mita 2,776. Mwenye pumzi atatumia saa nne hadi tano. Akitoka Westlands saa kumi na mbili asubuhi, anarudi kwenye gari saa saba mchana magoti yakitetemeka, na bado mnamtaka akashuke korongoni Hell's Gate! Akimaliza, ni foleni ya Jumapili, ukungu wa Kimende, na malori yasiyo na taa za nyuma. Mlima au korongo. Viwili havikai siku moja.

Sasa hilo gari. Inua kapeti ya buti. Spea haina upepo, au ipo na jeki ipo, lakini rimu ni zile za urembo zenye nati ya kufuli, na ufunguo wake umebaki kwenye droo ya ofisi. Mtu yuko peke yake kwenye changarawe, ana kila kitu isipokuwa kile kipande cha chuma kinachotosha kiganjani. Tairi nazo: angalia ubavuni tarakimu nne ndani ya umbo la yai. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuonekana mazima huku mpira umeshakauka, na jiwe moja linapasua ubavu.

Breki pia hamsemi. Ukishuka ukingo wa bonde kuelekea Mai Mahiu, otomatiki ikiachwa kwenye D mguu unashinda kwenye breki. Kwanza harufu ya kuungua, kisha pedali inazama. Gia iwekwe ya chini, 2 au L (nyingine zina S au B), kabla mteremko haujaanza, na si baada ya kusikia harufu.

Bima ndiyo inayoniudhi zaidi. Gari lina bima ya matumizi binafsi na linakodishwa. Likigongwa, bima ina sababu ya kukataa kulipa, na mnayemwandama ni mgeni. Soma cheti chenyewe, pale penye matumizi: lazima paruhusu kukodisha. Kiasi utakacholipa mwenyewe gari likiharibika kiandikwe kwa shilingi kwenye mkataba. "Tutaongea" si kiasi.

Mwambieni pia kwamba kwenye geti la mbuga hawapokei noti. Malipo ni ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, afadhali ayamalize akiwa bado mjini. Na vioo vipandishwe, nyani wa kule wanajua harufu ya ndizi.

Halafu korongo lenyewe la Hell's Gate, Ol Njorowa. Septemba 2019 maji ya ghafla yaliua watu saba mle, na Aprili 2012 yalikuwa yameshaua wengine. Hayangoji mvua ikunyeshee wewe. Inanyesha mbali huko juu, maji yanakukuta kati ya kuta zilizokaribiana, za kugusa kwa mikono miwili. Bila mwongozaji usishuke, na askari wa mbuga akisema leo hapana, ni hapana, hata kama jua linawaka.

Wenye magari mnaosoma hapa, futeni kimoja, mlima au korongo, kwenye karatasi zenu. Na wewe mgeni, usitoe amana kabla hujalegeza nati moja ya gurudumu kwa mkono wako, pale pale uani kwao.