Mgeni wa kushtukiza jukwaani: atajwe kabla tiketi hazijauzwa, au abaki siri?

Mleta mada

Wadau, salaam. Mabango ya matamasha ya mwisho wa mwaka yameanza kubandikwa, na maneno ni yale yale: "na sapraizi kibao", "nyota wa kimataifa, jina linakuja", pamoja na kile kivuli cheusi cha mtu chenye alama ya kuuliza usoni. Naomba tulijadili hili kwa uzito wake, maana fedha za watu zinahusika. Je, mwandaaji wa tamasha la nyota wengi ana haki ya kuuza tiketi bila kutaja nani atapanda jukwaani?

Msimamo wangu nautoa mapema. Sapraizi ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika tamasha la namna hii, na sitaki ifutwe. Ninachokataa ni kuiuza. Jina ambalo hujalitaja lisitumike kumtoa mtu hela mfukoni.

Nilikuwepo uwanja wa Wembley, London, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 1992, kwenye tamasha la kumuenzi Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara na kufariki kwa UKIMWI Novemba 1991. (Nyuzi za kujadili imani yake na maisha yake ya faragha zipo, huu tuuache kwa ajili ya tiketi na jukwaa.) Tulikuwa watu 72,000. Tiketi zilikwisha ndani ya saa chache tu, na zilipokuwa zinauzwa jina lililotangazwa lilikuwa moja: Queen, yaani wale watatu waliobaki, Brian May, Roger Taylor na John Deacon. Hapo ndipo hoja yangu yote iliposimama. Tulijua tunanunua nini. Wanamuziki hawa watatu, nyimbo zao, na fedha ziende kwenye vita dhidi ya UKIMWI. Vyote vilivyozidi hapo vilikuwa zawadi.

Na vilizidi kweli. Nusu ya kwanza bendi zilipanda moja baada ya nyingine: Metallica, Extreme, Def Leppard, Guns N' Roses. Def Leppard wakiwa jukwaani, Brian May akatokea na gitaa lake akaungana nao. U2 walionekana kwa setilaiti kutoka Marekani. Elizabeth Taylor alisimama mbele ya uwanja mzima kuwaeleza vijana habari za UKIMWI na kinga, na baadhi ya watu walipompigia kelele hakuondoka mpaka alipomaliza alichojia.

Baadaye Queen wakageuka bendi ya kuwapigia wageni, na kolabo zikaanza kumiminika. Roger Daltrey wa The Who akiimba, Tony Iommi wa Black Sabbath kwenye gitaa. Robert Plant wa Led Zeppelin. George Michael, mara na Lisa Stansfield, mara peke yake na uwanja mzima ukimwitikia. David Bowie akaimba na Annie Lennox, kisha akamwita Ian Hunter, na pamoja naye Mick Ronson, mpiga gitaa wake wa miaka ya 70. Ronson alikuwa tayari anaumwa saratani ya ini. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo wa Aprili, akafariki. Muda si mrefu Bowie akapiga goti akasali Baba Yetu, hakuna aliyeitegemea. Halafu ule wimbo mrefu wa Queen wa 1975: Elton John akauanza kwa upole, sehemu ya katikati ikatoka kwenye kanda kwa sauti ya Freddie na wenzake, na muziki uliporudi kwa kishindo Axl Rose akaingia mbio jukwaani. Wakaumaliza pamoja.

Wale niliowalipia niliwapata. Ronson sikumlipia, wala Lennox, na kwa hiyo furaha yake ilikuwa safi, haina deni. Sasa linganisheni na kivuli chenye alama ya kuuliza, ambacho kazi yake ni kukufanya ukisie jina kubwa kuliko bajeti ya mwandaaji na ulipie hilo jina la kichwani mwako. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza kumpotosha mteja katika biashara. Mimi naona kivuli kile kinapotosha. Nyinyi mwasemaje?

Promota wa Ilala

Mkuu mleta mada, heshima yako. Lakini unazungumza kama mtu aliyekaa upande wa viti tu, hujakaa upande wa mikataba.

Msanii mkubwa akishasaini shoo ya mji fulani, mara nyingi mkataba unamfunga asitangazwe kwenye shoo nyingine ya karibu na hapo kwa muda fulani, maana tiketi za yule wa kwanza zitalala. Anaweza kuja kwako kupiga nyimbo mbili kwa urafiki, ila jina lake ukilibandika mtaani umemponza. Ndiyo maana hata wakubwa wanaficha. Glastonbury, Uingereza, Juni 2023, Foo Fighters waliwekwa kwenye ratiba kwa jina la kubuni, The Churnups. Na tiketi za Glastonbury huuzwa miezi kadhaa kabla orodha ya wasanii haijatoka. Watu wananunua na hawalalamiki.

Kingine, nikitaja jina na ndege ikamwacha, au viza ikagoma, mtanirushia chupa mimi. Nisipotaja mnasema tapeli. Tufanye lipi?

Msomaji wa Mombasa

Wale wa Glastonbury hawalalamiki kwa sababu tamasha limewatimizia miaka nenda rudi. Wewe promota una rekodi hiyo? Samahani, nauliza kwa nia njema.

Mimi na mke wangu tulikata tiketi za VIP za shoo moja hapa Pwani, mwandaaji simtaji. Bango liliahidi "mgeni wa kushtukiza kutoka nje". Tukakaa mpaka saa tisa usiku, wenye watoto wadogo wakianza kuondoka. Mgeni mwenyewe akaja, kijana wa hapa hapa mjini ambaye wiki hiyo alikuwa nje ya nchi kikazi. Ndiyo, ametoka nje. Mke wangu alinyamaza njia nzima tukirudi Kisauni, na ile hela tulikuwa tumeidunduliza.

Mwenye mkahawa hawezi kukuuzia sahani iliyofunikwa, ukiifunua ukakuta mchuzi mtupu, akakwambia nyama ilikuwa sapraizi. Katiba ya Kenya, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichokilipia. Tamasha nalo ni huduma. Nani anapiga ni habari ya kwanza kabisa.

Binti Mkunazini

Shikamoo mzee mleta mada. Nimesoma kwa hamu ulivyotusimulia Wembley, lakini naona umepita haraka mno pale pagumu zaidi, kwa Axl Rose.

Tamasha lile lilikuwa la kumkumbuka mtu aliyekufa kwa UKIMWI, na Guns N' Roses walikuwa wametoa mwaka 1988 wimbo uliowatukana mashoga, wahamiaji na watu weusi. Wanaharakati wa UKIMWI wa ACT UP walipinga waziwazi bendi hiyo kualikwa. Sasa chukua mtu aliyeuguza ndugu yake, amenunua tiketi kwa jina la Queen tu, halafu anakuja kujua kwamba fedha yake imemwandalia jukwaa mtu wa namna hiyo. Kwake hiyo ni zawadi? Kwa wengine inaumiza. Kwa hiyo mimi naenda mbali kuliko wewe: kwenye shoo ya hisani, kila jina litajwe, bila siri hata moja, kwa sababu watu wanatoa na dhamira zao pamoja na hela.

Mleta mada

Marahaba binti yangu. Hoja yako ni nzito na sitaikimbia. Angalia lakini kwamba ACT UP waliweza kupinga kwa sababu majina yalikuwa yameshatoka kabla ya siku yenyewe. Kilichobaki siri ni nani ataimba na nani. Na hapo ndipo ninaposimama: kwenye hisani, orodha ya walioalikwa iwe wazi, na anayeona hawezi kukaa uwanja mmoja na fulani arudishiwe hela yake. Kolabo zenyewe ziachwe. Elton John, aliyempoteza rafiki yake, kuimba bega kwa bega na yule yule aliyekuwa analalamikiwa, kulisema jambo ambalo taarifa kwa vyombo vya habari isingeweza kulisema. Wapo ambao haikuwatosha, nami siwalaumu.

Mpiga besi, Arusha

Mnaongea tiketi, mimi niongelee muziki, kwa sababu nadhani udanganyifu mkubwa uko huko.

Sapraizi ni ya mashabiki. Kwa bendi haitakiwi kuwa sapraizi hata kidogo. Ipo video ya mazoezi ya tamasha hilo la 1992, George Michael anaimba na Queen kana kwamba uwanja umejaa, na David Bowie kasimama pembeni anamtazama. Kolabo inatengenezwa hivyo. Mgeni anakuja mapema, mnakubaliana ufunguo, nani anaingia wapi, mwisho mnaumalizaje.

Huku kwetu nimepiga shoo nyingi ambapo MC anatangaza "kolabo ya kihistoria", bendi tunaambiwa tukae pembeni, mgeni anampa DJ flashi, wimbo unapigwa na sauti yake yote ndani, yeye anarukaruka juu yake. Dakika kumi kaondoka. Hata salamu na mpiga dramu hawajapeana. Kama mnatunga kanuni, naomba hili liwemo: ukiandika kolabo, watu wawili wapige pamoja, kwa vyombo, moja kwa moja. Wazee wa dansi walimpa maiki mwanamuziki wa bendi nyingine aliyeingia ukumbini na akaimba na bendi ile ile iliyokuwepo. Ustadi huo haujafa. Wanamuziki tupo, hatuulizwi.

Mkazi wa Birmingham

Naungana na mpiga besi, na nina mfano wa karibuni. Tarehe 5 Julai 2025, hapa mjini, uwanja wa Villa Park, Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, aliaga jukwaa. Majina makubwa yalitangazwa mapema: Metallica, Guns N' Roses, Slayer, Tool na wengine, na juu ya wote Black Sabbath wenyewe, wale wanne wa mwanzo, akiwemo mpiga dramu Bill Ward, ambaye hawakuwa wamepiga naye tangu 2005. Ozzy aliimba ameketi kwenye kiti cha enzi kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson. Mapato yalielekezwa kwenye shirika la utafiti wa ugonjwa huo na kwa watoto wagonjwa wa hapa. Tarehe 22 mwezi huo huo akafariki, ana miaka 76.

Katikati ya siku ndipo akatokea Steven Tyler wa Aerosmith, na Ronnie Wood wa Rolling Stones kwenye gitaa. Kumbukeni kwamba Aerosmith walikuwa wametangaza Agosti 2024 kuacha ziara kwa sababu koo la Tyler liliumia na halikupona sawasawa. Sasa promota gani mwaminifu angeweza kumuuza Tyler miezi mitano kabla? Hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba sauti ingetoka. Ikatoka, na watu wazima karibu yangu walikuwa wanalia. Mgeni wa aina hii hafichwi ili kuuza. Anafichwa kwa sababu haiwezekani kumwahidi mtu. Promota, ukinionyesha kivuli chako kimefichwa kwa sababu hiyo, nitanyamaza.

Promota wa Ilala

Sawa, nimewasikia. Niseme ukweli ambao wengi nje ya kazi hii hawaujui: kile kivuli mara nyingi hatukitaki sisi. Mdhamini ndiye anayekidai. Anataka watu wabishane mitandaoni kwa wiki kadhaa, kila anayebisha anaitangaza nembo yake bure. Ukikataa, anaenda kwa promota mwingine.

Kurudisha hela pia si jambo jepesi. Malipo ya awali ya msanii, ukumbi, vyombo na vibali, yote yanalipwa kutoka kwenye tiketi za mwanzo. Ukimwambia kila mtu ana haki ya kurudi kuchukua chake mpaka siku ya mwisho, shoo haifanyiki.

Mleta mada

Hapo sasa tunazungumza. Sikudai mpaka siku ya mwisho. Napendekeza hivi: bango litaje wale wenye mikataba iliyosainiwa tu, na kwa hao waliotajwa, yeyote akikosekana, mnunuzi awe na siku saba za kudai hela yake baada ya kutangaziwa. Neno sapraizi lisionekane popote kwenye bango, redioni wala mitandaoni. Mwandaaji akiwa na mgeni wa ziada, amlete, tutamshangilia mpaka sauti zikauke. Kama wadhamini ndio wanaosukuma, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ambao kibali cha tamasha kinapitia kwao waliweke sharti hili kwa wote, ili promota anayekataa kivuli asipoteze kazi kwa anayekubali.

Msomaji wa Mombasa

Siku saba naziafiki, ila zianze kuhesabiwa tangu ujumbe ulipomfikia mnunuzi kwenye simu, si tangu ulipobandikwa kwenye ukurasa wa promota. Tiketi tunalipia kwa simu siku hizi, namba zetu wanazo. Tangazo la kuanza kuuza hutufikia sote dakika ile ile, kwa hiyo na la kumkosa msanii linaweza.