Naomba ushauri: sauti inaachana na mdomo kadri video inavyoenda

Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada nimekwama toka juzi. Nilishuti sendofu ya binti wa mjomba, video kwa simu, sauti nikarekodi pembeni na rekoda ndogo niliyoibandika kwenye spika. Nikioanisha pale MC anapopiga makofi mwanzoni inakaa fresh kabisa, ila ikifika dakika ya 40 hivi mama anatoa nasaha mdomo ushafunga sauti ndo kwanza inakuja, yaani kama muvi iliyotafsiriwa. Nikiisogeza ikae hapo, mwanzo unaharibika.

Nimecheki, kumbe simu inarekodi fremu (zile picha moja moja zinazounda video) kwa idadi inayobadilika-badilika, mara 30 mara 27 kwa sekunde, na mi mradi kwenye programu ya kuhariri nimeuweka 25 (hapo najua nilizingua). Rekoda nayo inapima sauti kwa 44.1 kHz (mara 44,100 kwa sekunde), mradi ni 48, sijui kama inachangia. Jamaa yangu anasema nipitishe video HandBrake (programu ya kubadili faili za video) kwanza, nichague idadi ya fremu isiyobadilika ndo nianze upya, ila nishakata robo tatu ya kazi jamani. Kuna namna ya kubadili faili tu bila kupoteza nilivyokata? Au niivute sauti kidogokidogo mpaka ikae? Bi harusi anaitaka Ijumaa na simu hazikatiki.