Barakoa msibani 2021: kwenu nako iligeuka kuwa ya chama?

BintiMigombani (mtoa mada)

Wakuu habari zenu. Kuna kitu nimekaa nacho miaka sasa, na kila nikikigusa nyumbani panachafuka, bora niwaulize nyie.

Februari 2021 tulifiwa na shangazi tukaenda kumzika Moshi. Kwenye karatasi ya hospitali waliandika nimonia. Mimi nilitoka Dar na boksi la barakoa, zile za bluu, 50 ndani, nikaliweka kwenye meza ya daftari la rambirambi pembeni ya ndoo ya kunawia ambayo hata maji haikuwa nayo. Sikumlazimisha mtu. Walichukua kama watu saba hivi, wengi kina mama wa jumuiya, mmoja akaifutika kwenye kitenge akasema ataivaa akifika kanisani. Akaja baba mdogo, yeye ni kiongozi wa kitongoji pale, akalibeba boksi mpaka kwenye gari niliyokuja nayo akaliweka siti ya nyuma, akarudi akaniambia mbele ya watu kwamba msiba wa familia hii hautageuzwa mkutano wa wapinzani. Mimi sijawahi kuwa na kadi ya chama chochote jamani. Wale kina mama nikawaona wanazivua mmoja mmoja.

Bibi alikuwa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni na kila anayeingia anamkumbatia, analia begani kwake, yaani siku nzima. Siku ya kumi na mbili akaanza kubanwa kifua. Mwezi haukuisha tukarudi kuchimba tena.

Sisemi baba mdogo kamuua mama yake, hakuna aliyepimwa na siwezi kumtwika mtu mzigo huo. Nataka tu kuelewa ilikuwaje kitambaa cha mdomoni kikawa kadi ya chama, maana Aprili 2020 mkuu wa mkoa wa Dar aliagiza watu wavae na tulivaa wote, daladala zikawa level seat, hakuna kusimama, kila duka lina ndoo mlangoni, na baba mdogo huyuhuyu ndo alikuwa ananipigia nimtumie za kitenge kwa basi. Ndani ya miezi kumi kimetokea nini? Kwenu ilikuwaje? Na mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu, nimuulize au ninyamaze?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana dada, pole mno. Nilikuwa wodini kipindi hicho, hospitali sitaitaja.

Unauliza ndani ya miezi kumi kimetokea nini, mimi nilivyoona ni kwamba namba zilizimwa. Takwimu za mwisho serikali kutoa zilikuwa za wagonjwa 509 na vifo 21, mwanzoni mwa Mei 2020, baada ya hapo kimya. Siku chache kabla yake Rais Magufuli alishasema akiwa Chato kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikarudi zina corona, watu wakatoka na neno moja tu, vipimo vya uongo. Mwezi wa sita tukaambiwa Mungu ametuondolea. Sasa ukishasema ugonjwa hakuna, anayevaa barakoa anakupinga kwa uso wake kabla hajafungua mdomo, kila anayemtazama anasoma, huyu haamini tulichoambiwa. Kunawa mikono hakukuletea shida, unanawa unamaliza hakuna anayejua. Kupiga nyungu, kujifukiza mvuke wa majani, ndo kabisa, ulisifiwa. Barakoa inakaa usoni msiba mzima.

Sisi wenyewe wodini tulikuwa tunaandika "changamoto ya upumuaji". Naandika hilo neno huku nimeshika kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 78, chini mno, na mgonjwa ananiuliza nesi nina nini. Nilikuwa na barakoa ya N95, ile nzito ya wahudumu, moja kwa wiki nzima, naikunja kwenye bahasha ya kaki yenye jina langu natundika kwenye msumari, kesho navaa ileile. Ndugu wa mgonjwa wanaingia wodini nyuso wazi, nikimwambia mama vaa hii ananiangalia kama nimemtukana.

Halafu niseme ukweli mwingine ambao na sisi wa afya tunaukwepa. Mwanzoni hata WHO walikuwa wanasema mtu mzima asiye na dalili hahitaji barakoa, wakaja kubadilisha tarehe 5 Juni 2020 wakasema vaeni hata za kitambaa sehemu za watu wengi. Ushahidi uliongezeka ndo wakabadilisha, ila mtu wa kawaida aliona wanajichanganya, na aliyetaka kukataa alipata pa kushika.

Bajaji Mbagala

Dada pole kwa msiba. Mi nitaongea kama baba yako mdogo maana nilikuwa upande wake na sitaki kujificha.

Ujue sisi hatukuona barakoa, tuliona kufungiwa. Tulikuwa tunaangalia kwenye simu Uganda wamefungwa ndani, Kenya kafyu watu wanachapwa virungu njiani kivukoni, Afrika Kusini jeshi mtaani, na hapa Magufuli anasema hafungi mtu fanyeni kazi. Mimi hela ya bosi ni kila siku jioni, nikikaa ndani siku tatu bajaji inachukuliwa anapewa mwingine na nina watoto wanne. Kwa hiyo nilimpenda kwa hilo na mpaka leo simtukani. Sasa wale waliokuwa wanapiga kelele barakoa barakoa kwenye mitandao ndo haohao waliokuwa wanataka tufungiwe, au sisi tuliona hivyo, ikawa ukiona mtu kavaa unajua huyu anaombea nchi ifungwe. Na wapo kweli waliokuwa wanaivaa kumkomoa rais, hilo nalo msilikatae, picha walipiga wakaposti.

Lakini barakoa haikuwa kufungiwa. Barakoa ingenifanya niendelee na kazi. Hilo nimekuja kulielewa baadaye sana, kuna abiria wangu wa kila asubuhi mwalimu mstaafu, alikuwa anavaa, anakaa nyuma, nami namwambia mzee humu hakuna corona vua upumue. Akavua kwa kuniheshimu. Sijui alikufa na nini, nilipita kwao nikakuta turubai. Huwa nalikumbuka hilo nikipita pale.

Na kampeni za 2020 nilienda zote, za CCM na za Lissu wa Chadema, kote tulibanana kama dagaa na barakoa ungezihesabu kwa vidole. Kwa hiyo wapinzani nao wasijifanye. Mwezi wa tano wa mwaka huohuo Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, alishawaambia wabunge wake watoke bungeni wakajitenge baada ya wabunge watatu kufariki ndani ya siku chache, Spika Ndugai akawaita watoro akataka na posho warudishe, ila mwezi wa nane na wao wako jukwaani na maelfu mbele yao. Kura zikikaribia kila mtu anasahau.

Mkaazi wa Nakuru

Pole dada yetu. Huku Kenya ilikuwa kinyume kabisa na bado tuliumia. Maski ilikuwa sheria, ukipatikana bila maski mahali pa umma ni faini ya elfu 20 ama jela miezi sita, au zote mbili. Mama mboga wa ploti yetu alishikwa na askari juu alikuwa ameishusha kidogo aongee na kastoma, akalala seli na sukuma yote ikaharibika. Wiki hiyohiyo waheshimiwa wako kwa mkutano wamesimama juu ya gari, maski iko kidevuni, umati umewazunguka mpaka barabara imefungwa na hao askari ndio wanawafungulia njia. Tarehe 4 Novemba 2020 Rais Uhuru mwenyewe akapiga marufuku mikutano ya siasa siku 60, na kabla hata mwezi huo uishe uzinduzi wa kukusanya saini za BBI, ule mpango wao wa kubadilisha katiba, ukafanywa pale ukumbi wa KICC Nairobi. Sasa mwananchi angeamini nini? Watu wengi nawajua hawakuwa wanakataa maski sababu ya ugonjwa, walikuwa wanakataa juu ilikuwa imekuwa kitu ya kuchukuliwa pesa na polisi. Walivaa wakiona karandinga, ikipita wanashusha.

Kwa hivyo kwenu ilikatazwa kwa aibu na kwetu ikalazimishwa kwa rungu. Pande zote hakuna mtu aliketi chini na wanakijiji akawaeleza inafanya nini.

Mstaarabu77

Yaliyopita si ndwele tugange yajayo. Hayo mambo yameisha, bibi kapumzika, usiivunje familia.

Mwana wa Mtambwe

Mstaarabu77 usimnyamazishe mwenzio, wengine hatukupata hata nafasi ya kusema.

Sie Zanzibar tuna letu. Maalim Seif alipougua, mwisho wa Januari 2021 chama chake cha ACT-Wazalendo kilitangaza wazi kuwa yeye na mkewe wamepimwa wana corona. Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar huyo, na katika wakati ambao neno lenyewe watu walikuwa hawalitamki. Kuna waliokasirika wakasema ACT wanaitia nchi aibu, yaani mgonjwa kutaja ugonjwa wake ikawa siasa. Kafariki 17 Februari, siku hiyohiyo na Balozi Kijazi katibu mkuu kiongozi. Kesho yake tukamzika kwao Mtambwe, Pemba. Mie nilikuwepo. Nilikuwa na barakoa mfukoni nimeikunja, nikawa naishika kwa vidole tu, siivai, kwa sababu mbele yangu nyuma yangu hakuna aliyevaa ila mmoja mmoja, na mtu tuliyemzika sote tulijua kafa na nini, na chama chake ndicho kilichosema. Hapo hakukuwa na mkubwa wa kunikataza. Nilimuonea haya tu mwenzangu wa ubavuni. Basi mtoa mada, huyo ami yako huenda na yeye alikuwa anawaonea haya wakubwa zake, maana kiongozi wa kitongoji mpwawe akigawa barakoa msibani habari inafika wilayani kabla ya jeneza kushuka.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwana wa Mtambwe umenikumbusha mbali. Na tarehe mnaziona zilivyofuatana. Januari maaskofu Katoliki wa TEC wametoa waraka kuwataka waumini wajikinge, wakasema nchi yetu si kisiwa. Mwanzoni mwa Machi Padri Kitima, katibu wa TEC, akasema mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamefariki ndani ya miezi miwili. Katikati hapo, 21 Februari, rais akiwa kanisani Oysterbay akasema serikali haijakataza barakoa ila watu wavae zilizotengenezwa nchini. Ile Jumatatu wodini kwetu ndugu wa wagonjwa walianza kuja wamevaa za kitenge, wenyewe bila kuambiwa. Siku moja tu! Nilisimama koridoni nikalia, kwa sababu niliona neno la mtu mmoja lilivyokuwa na nguvu na lingeweza kusemwa Novemba.

Mtoa mada, shangazi mlimzika kabla au baada ya hiyo tarehe 21?

BintiMigombani (mtoa mada)

Kabla. Tarehe 13, Jumamosi.

Asanteni wote, na wewe wa bajaji asante zaidi, ni mara ya kwanza nasikia mtu wa upande ule ananiambia bila kunifokea. Hilo la kufungiwa sikuwahi kulifikiria kwa sababu mimi kazi yangu niliifanyia nyumbani, mshahara unaingia.

Kuna kitu sikusema mwanzo. Krismasi iliyopita baba mdogo alinituma nimletee miwani, huwa anaiacha ndani ya Biblia. Nikafungua nikakuta kadi ya chanjo. Janssen, sindano moja, Agosti 2021. Mwezi wa saba ndo Rais Samia alichanjwa hadharani, kwa hiyo huyu hakuchelewa, alikwenda mwanzoni kabisa wakati pale kijijini wanaambiana ukichanjwa hufiki miaka miwili. Hajamwambia mtu. Mkewe hajui. Kadi imewekwa kwenye ukurasa uleule ambao ameweka kile kikaratasi cha ratiba ya mazishi ya bibi, chenye picha yake. Nikairudisha vilevile nikampelekea miwani.

Ndo maana nauliza niseme au ninyamaze, maana nikimuuliza kuhusu boksi atafoka kama kawaida, namjua.

Bajaji Mbagala

Basi usimuulize boksi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwenzangu kasema. Acha boksi. Mkiwa wawili, sio mezani mbele ya watu, muulize siku anaenda kuchanja alienda na nani na alipanda usafiri gani. Wanaume wa umri huo wanajibu ukiwauliza njia. Akianza kusema njia, mengine yatakuja yenyewe, na yasipokuja siku hiyo mwache, angalau atajua kuna mtu anajua na hajamcheka.

BintiMigombani (mtoa mada)

Sawa. Nitaenda siku moja kabla ya misa, huwa anakuwa peke yake shambani asubuhi anakata majani ya ng'ombe. Nitambebea na mzigo.