Tupeane uzoefu: pilipili bila sumu za dukani, wadudu mnawadhibiti vipi? (Kigoma na Tabora)

Mama wa Ujiji
Wakuu, kiangazi ndiyo hiki, hoho na pilipili mbuzi ziko kwenye kumwagilia na majani yameanza kujikunja. Mwenye njia ya asili inayofanya kazi aiweke na vipimo vyake. "Weka kidogo" haimsaidii mtu.

Sikonge
Kabla ya dawa, mama, geuza jani. Likijikunja kwenda juu kama mtumbwi, tafuta vithiripi, vile vidudu vyembamba, hata ndani ya maua. Likijikunja kwenda chini, likawa jembamba na la kukatika, huo ni utitiri, wadogo mno kuonekana kwa macho. Likinata na sisimizi wakapanda na kushuka kwenye shina, ni vidukari (wadudu mafuta). Utitiri unataka salfa ya kuchanganya na maji: gramu 30 hadi 45 kwa bomba la lita 15, jioni. Joto likipita nyuzi 32, salfa inababua majani. Na kama umepiga dawa yenye mafuta, pisha wiki mbili kwanza.

Kasulu
Kweli kabisa. Watu wanapiga sabuni kwenye mnyauko, halafu sabuni inalaumiwa.

Urambo
Huku dawa ni tumbaku. Loweka majani makavu usiku kucha, chuja, piga. Vidukari wanakufa papo hapo.

Sikonge
Ndugu yangu, acha hiyo leo hii. Tumbaku, pilipili, nyanya na bilinganya ni ukoo mmoja. Virusi vya batobato ya tumbaku vinakaa ndani ya jani kavu, kulowekwa hakuviui, kwa hiyo unapopuliza unavipaka shamba zima kwa mkono wako. Majani mapya yatatoka na mabaka ya kijani kilichopauka na kijani kibichi, mche utadumaa, matunda yatakuwa madogo yenye mabaka. Tiba haipo, ni kung'oa na kuchoma. Hata anayetoka bani la kukaushia tumbaku au anayevuta sigara anawe kwa sabuni kabla ya kushika miche.

Urambo
Mbona wanaotumia wanavuna?

Mama wa Ujiji
Watavuna pale jani lilipokuwa safi, kaka, na kwa macho hulijui lililo safi. Tena nikotini inapita kwenye ngozi: kizunguzungu, kutapika. Viwango vingi vya kilimo hai vinaikataza.

Uvinza
Vidukari ni sabuni tu. Kipande cha sabuni ya mise (mafuta ya kokwa za chikichi), kwangua gramu 75, yeyusha kwa maji moto, jazia hadi lita 15. Elekeza bomba chini ya jani, maana inaua kinachoguswa tu, na rudia baada ya siku 5. Lakini ondoa sisimizi kwanza: wanakula utamu wa vidukari na kuwafukuza wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaowala.

Nzega
Viwavi: mbegu za mwarobaini zilizomenywa, gramu 50 kwa lita moja. Twanga, loweka usiku, chuja kwa kitambaa, piga jioni siku hiyohiyo, jua linaiharibu. Kiwavi hafi hapohapo, anaacha kula. Usiongeze dozi.

Kibondo
Utupa je? Majani makavu yaliyosagwa, kilo 1 kwa lita 10 za maji yenye sabuni kidogo, saa 24.

Mama wa Ujiji
Unafanya kazi, ila ndio ule unaolevya samaki. Bomba lisioshwe kwenye kijito kinachoingia Malagarasi wala ziwani. Mwaga mabaki kwenye udongo mkavu, mbali na maji.

Igunga
Na hoho inayonyauka mchana ikiwa bado kijani?

Sikonge
Ng'oa mmoja. Mizizi ikiwa na vifundo ni minyoo fundo, na udongo wetu wa kichanga wanaupenda. Lowesha tuta, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga wiki 4 hadi 6 za jua kali, kingo uzifukie. Mizizi ikiwa safi, kata shina karibu na udongo, litumbukize ncha kwenye glasi ya maji. Dakika chache tu: ukiona uzi mweupe wa maziwa unashuka, ni mnyauko wa bakteria. Choma mche, maji ya mfereji yasipite hapo kwenda tuta jingine, na panda mahindi, si nyanya wala tumbaku.